Kitanda cha Mbula

Mbula hakuambiwa na mumewe. Aliambiwa na mwanamke mmoja aliyekuwa akipima ndengu kwenye soko la Wote. Mwanamke huyo alimwaga kopo la mwisho ndani ya kiondo cha Mbula, akajipangusa mikono, kisha akasema, "Hongera, mama. Tumesikia mmenunua Kinu."

"Kinu gani?" Mbula aliuliza. Alifikiri ni habari ya kinu cha kutwangia muthokoi, mahindi ya kukoboa, na cha kwake hakikuwa na kasoro yoyote.

"Kile cha pamba."

Mbula aligeuka akatazama ng'ambo ya soko, mahali ambapo paa refu lenye kutu lilichungulia juu ya miarobaini. Hakuna mtu wa nyanda zile asiyelijua paa hilo. Kinu kilijengwa na Mhindi mmoja kabla ya vita vya Hitler, kwa mawe ya kuchonga, na kwa miaka mingi watu walileta pale pamba yao kutoka mashambani, wengine kwa punda, wengine kwa vichwa vyao. Halafu bei ya pamba ikaanguka, ushirika ukanyamaza, mitambo ikasimama. Tangu hapo wenyeji wake walikuwa popo, na mbuzi waliokimbia jua.

"Mmenunua au hamjanunua?" mwanamke wa ndengu aliuliza.

"Nitakwambia nikishaambiwa," Mbula alijibu.

Muthama, mumewe, alikuwa amestaafu kazi ya reli mwaka uliotangulia. Maisha yake yote ya kazi alikuwa nyapara wa gangi iliyobadilisha mataruma, leo Kibwezi, kesho Mtito Andei, kesho kutwa kule Tsavo ambako watu hulala wakisikiliza simba. Alikuwa akirudi nyumbani mwisho wa mwezi na sukari, mafuta ya taa na ahadi moja isiyobadilika: nikistaafu nitakujengea nyumba ya mawe. Mbula aliilea ahadi hiyo pamoja na watoto. Watoto walikua wakaondoka, ahadi ikabaki. Alijua mahali pa dirisha la jikoni. Alijua upande ambao mlango ungetazama ili vumbi la Agosti lisiingie. Na mawe yenyewe yalikuwa yameshaletwa, yamerundikwa kule shambani Kathonzweni, yanangoja fundi.

Alipofika nyumbani alimkuta Muthama ameketi chini ya ukingo wa paa, anachonga mpini wa jembe.

"Baba Mutindi," alisema, "tumenunua Kinu?"

Muthama alikipuliza kisu kwanza. "Nilikuwa nataka nikupeleke ukakione kabla sijasema."

"Kwa hivyo ni kweli."

"Mama Mutindi, nilikuahidi nyumba ya mawe. Sasa, ile si ya mawe?"

Mbula aliketi juu ya kiondo chake cha ndengu bila kujua. Muthama akaanza kueleza, na ubaya wa Muthama ulikuwa kwamba kila mara alikuwa na sababu nzuri. Makueni ilikuwa imekatwa kutoka Machakos ikawa wilaya ya peke yake, na Wote, ambayo juzi ilikuwa safu mbili za maduka na vumbi, ikaamka makao makuu. Maofisa walikuwa wakishuka kila wiki na masanduku yao na hawana pa kulala. Wengine walilala ndani ya magari ya serikali. Mafundi nao walitaka mahali pa kufanyia kazi. Kinu kilikuwa kimesimama bure, kuta zake unene wa mkono. Upande huu ungegawanywa vyumba vya kuishi, upande ule karakana na maduka. Kodi ingeingia kila mwezi. Kisha, kwa fedha hiyo, nyumba ya Kathonzweni ingejengwa kubwa kuliko walivyowahi kufikiri.

"Na mpaka hapo?"

"Mpaka hapo tutakaa palepale, kidogo tu, tuwasimamie mafundi. Ukimwacha fundi peke yake anakujengea anavyotaka yeye."

Hilo lilikuwa kweli. Ukweli huo ulimuudhi Mbula kuliko kila kitu.

Walihamia kabla ya mvua za Novemba. Ndani ya Kinu kulikuwa na ukumbi mmoja mrefu kama kanisa la wamisheni, na juu, mbali sana, maboriti yaliyoshikwa na nyuzi za pamba zilizosahaulika miaka hiyo yote. Katikati ilibaki mashine moja ya kuchambulia pamba ambayo haikuweza kung'olewa kwenye saruji yake, hata kwa nyundo. Na kwenye pembe moja palikuwa na chumba kidogo kilichojengwa tangu zamani, ambamo karani alikuwa akikaa na mizani yake. Kilikuwa na sakafu ya mbao na dirisha lenye nondo, na katika jumba zima ndicho chumba pekee chenye mlango.

"Hiki ni chako," Muthama alimwambia. "Chagua upande wa kitanda."

Mbula alichagua upande wa dirisha. Alifagia kinyesi cha popo kwa debe, akapaka chokaa, akatundika pazia la leso yenye maua mekundu. Alipomaliza alikaa kitandani akajiambia kwamba mtu anaweza kuvumilia mwaka mmoja.

Fundi wao aliitwa Jonah. Alikuwa fundi mzuri siku alizokuja. Siku nyingine alikuwa akijengea ofisi mpya za serikali, na siku nyingine alikuwa kwenye matanga, na mtu angedhani ukoo wake mzima ulikuwa unakwisha mwaka ule. Alipoanza kuinua kuta za vyumba, Mbula alimwuliza zitafika wapi.

"Zitapita kichwa cha mtu mrefu, mama."

"Na huko juu?"

Jonah alitazama paa, akacheka. "Huko juu ni mbali. Mawe ya kufika kule yangejenga shule."

Basi kuta zilipita kichwa cha mtu mrefu, zikakoma hapo. Juu yake kila kitu kilikuwa cha wote. Ukikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha mwisho alikuambia pole. Harufu ya omena iliyokaangwa upande wa karakana ililala kwenye mito ya watu. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu wa kanisa la uamsho, alikuwa akiombea kila mpangaji kwa jina, kwa sauti, na kwa dhambi zake.

Na wapangaji walijaa kabla vyumba havijaisha, kwa sababu Muthama hakujua kusema hapana. Mtu akisimama pale mlangoni na begi, Muthama alilipokea begi kabla ya kuuliza jina. Alimpa karani mmoja chumba kisicho na sakafu. Alimpa Mutie, fundi seremala, nafasi kubwa ya karakana, kisha akampa mtu mwingine nusu ya nafasi hiyohiyo.

Ambiyo alifika Januari. Alikuwa mama wa Kisomali kutoka Garissa. Mumewe, Dirie, alinunua mbuzi kwenye mnada wa Emali na kuwasafirisha Nairobi. Ambiyo mwenyewe alitaka duka la vitambaa na meza ya chai, na chumba cha kulala na bintiye Abdiya. Alilipa siku hiyohiyo, akatazama chumba alichopewa, kisha akamtafuta Mbula.

"Mama, mzee aliniambia chumba iko na mlango. Mlango iko wapi?"

"Utakuja," Mbula alisema, akajisikia anatumia neno la kila siku la mumewe, akaona haya.

"Lini?"

"Muulize yeye."

"Nimeuliza yeye. Amenipa ndizi."

Hivyo ndivyo malalamiko yote yalivyomfikia Mbula. Wapangaji walimpelekea Muthama kwanza. Yeye aliwasikiliza kwa huruma ya kweli, akawashika bega, akasema, "Nitaongea naye." Halafu hakuongea na mtu. Bomba likikatika, watu walimwamsha Mbula. Mutie akipiga nyundo mtoto wa mtu akiwa amelala, mama wa mtoto alimjia Mbula. Karani alipoweka kaseti za rhumba mwalimu akiwa kwenye maombi, wote wawili walisimama mbele ya Mbula akiwa anapika isyo ya mahindi na maharagwe, kila mmoja ameshika kiuno.

"Mimi sikununua Kinu," aliwaambia. "Mimi nilikuwa sokoni."

Mwezi wa Machi dada yake Mbula, aliyeolewa Tulia, upande wa Kitui, aliteguka nyonga. Mbula alikwenda kumtunza. Alikaa huko hadi dada yake alipoweza kufika jikoni kwa fimbo. Na ingawa alikuwa akibeba maji na kukamua mbuzi wa watu wengine, alilala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu Novemba. Hakuna aliyemwita. Alirudi Wote Jumamosi mchana, amebeba kuku mmoja wa shukrani kwapani.

Mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa, na ulikuwa na kitasa asichokijua.

Alibisha. Mlango ulifunguliwa na mwanamume mwenye miwani na singlendi nyeupe, anapiga chafya. Nyuma yake Mbula aliona masanduku ya chuma yamepangwa hadi dirishani, na kitanda kikubwa kisicho chake. Leso yake ya maua mekundu ilikuwa ingali imetundikwa.

"Karibu, mama," mwanamume alisema. "Unamtafuta nani?"

Mbula alimtafuta Muthama. Alimkuta nyuma ya Kinu, anamshikia Jonah kamba ya kupimia.

"Umefika!" Muthama alisema kwa furaha. "Dada anaendeleaje?"

"Nani yuko chumbani kwangu?"

Furaha ilimtoka Muthama polepole. "Yule ni Bwana Ndululu. Ofisa wa mifugo. Mama Mutindi, yule mtu ana kifua kibaya, daktari amemkataza vumbi. Na chumba chenye sakafu ya mbao na mlango ni kile kimoja tu. Alikuja hapa jioni, mvua inanyesha, anakohoa hivi... Nikasema, Mama Mutindi ataelewa. Ni kwa muda mfupi. Mimi mwenyewe nalala karakana."

"Na kitanda changu?"

"Nimekihifadhi vizuri."

Alikuwa amekihifadhi nyuma ya mashine ya pamba, kimefunguliwa vipande vipande, godoro limekunjwa na kufungwa kamba ya katani kama gunia la kupeleka sokoni. Mbula alivitazama vitu hivyo. Jonah alikumbuka kwamba alikuwa na kazi mahali pengine.

Muthama alingoja apigiwe kelele. Angejua la kufanya na kelele. Angeinamisha kichwa hadi zipite. Lakini Mbula alimkabidhi kuku, akaanza kuvibeba vipande vya kitanda kimoja kimoja. Alivipeleka kwenye korido, pale katikati kabisa ambapo inazunguka mashine, mahali ambapo lazima apite kila mtu anayekwenda chumbani, chooni, dukani au karakana. Alimwita Mutie na nyundo yake. Mutie aliunga kitanda bila kuuliza neno. Mbula akatandika shuka, akaweka mto, akakaa.

"Mama Mutindi," Muthama alisema, "watu watapitaje?"

"Nitaelewa wakipita kwa ubavu."

Jumapili baada ya ibada, wapangaji walirudi wakamkuta mama mwenye nyumba ameketi kitandani koridoni, akimenya kunde na kuzitia kwenye sufuria. Kila mmoja alisimama, akasema hodi, kwa sababu huwezi kumpita mama wa watu kitandani pake bila hodi. Naye alimkaribisha kila mmoja kwa heshima, akamwuliza habari za nyumbani kwao. Usiku ulipokaribia alifunga leso kutoka kwenye mashine hadi ukutani, na mtu aliyetaka kwenda chooni alilazimika kujitaja jina na safari yake.

Kufikia Jumatatu mambo yalikuwa yameharibika. Mutie alikuwa ameletewa mbao ndefu za makanisa ya Mukuyuni, na mbao hazikuweza kukata kona kwa sababu ya kitanda. Alizilaza nje, akaziketia, akavuta sigara. Karani alizima rhumba zake. Mwalimu alisali kimoyomoyo kwa mara ya kwanza tangu aingie Kinu.

Ambiyo alikuja na chai ya tangawizi kwenye birika, akaketi kitandani bila kukaribishwa, akamimina vikombe viwili.

"Umefanya vizuri," alisema. "Usitoke hapa."

"Nimechoka, Ambiyo."

"Najua. Huyu mume yako ni mzuri. Ni mzuri mpaka anaumiza. Dirie yangu ni mkali, lakini akisema kesho ni kesho." Alikunywa. "Hata mimi bado sina mlango. Nimeweka pazia. Mbuzi imeingia mara mbili."

Mchungaji wa kanisa lao naye alifika, ametumwa, Mbula alihisi, na mtu aliyeshindwa kuja mwenyewe. Alikosa mahali pa kukaa, akasimama ameegemea mashine. Alimweleza Mbula kwa upole habari za wanawake wa zamani waliokuwa na subira, na jinsi nyumba zao zilivyobarikiwa.

"Hao wanawake, mchungaji," Mbula aliuliza, "walikuwa wanalala wapi?"

Mchungaji alifikiri. Kisha akaomba sala fupi, akaenda.

Muthama alijaribu. Haiwezi kusemwa kwamba hakujaribu. Jumatatu jioni alibisha kwa Bwana Ndululu, na Kinu chote kikanyamaza kumsikiliza, maana sauti ilipita juu ya kuta kama ilivyopita siku zote.

"Habari ya kifua?" Muthama aliuliza.

"Afadhali kidogo, mzee."

"Vizuri. Vizuri sana." Mbao za sakafu zililia chini ya miguu yake. "Nitakuletea majani ya mkaratusi. Unachemsha, unajifunika, unavuta mvuke."

Akatoka. Mbula alifunga macho. Jumanne alibisha tena, na safari hii alitoka akiwa amemwahidi Ndululu rafu ya vitabu. Mutie, aliyekuwa akisikiliza huko nje juu ya mbao zake, alitupa sigara chini akasema kitu kwa Kikamba ambacho mwalimu aliomba kisisikiwe mbinguni.

Jumatano mchana Muthama alikuja akaketi mwisho wa kitanda, kofia mkononi. Alikuwa amekonda kwa siku chache hizo. Mbula alikuwa akishona kifungo cha shati, na shati lilikuwa la Muthama.

"Siwezi, Mama Mutindi," alisema. "Nikifika pale, maneno yanakwama."

"Kwangu hayakwami. Kwangu unasema tu, ataelewa."

"Nataka nikwambie kitu."

"Sema. Wote wanasikia, lakini sema."

Muthama alitazama chumba cha mizani. "Nilikuja hapa na baba nikiwa mdogo. Tulitembea kutoka kwetu na gunia la pamba, kila mtu na lake. Baba alikuwa ameichagua usiku kucha kwa mkono, punje punje. Pale dirishani karani alivuta pamba kidogo, akatia mate, akasema fifi. Pamba mbaya. Baba akamwambia, tafadhali itazame vizuri. Karani akafunga dirisha. Tulikaa hapo nje ya lango mpaka jua likazama, na hakuna mtu aliyetuambia hata karibuni maji. Baba hakulima pamba tena. Sasa mtu akisimama pale mlangoni na mzigo wake... mimi namwona baba. Siwezi kumfungia."

Upande wa duka, kikombe kiliwekwa mezani taratibu.

Mbula alikata uzi kwa meno. Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kuisikia habari hiyo, na ilimwuma kwamba anaisikia leo, pamoja na karani, mwalimu na ofisa wa mifugo.

"Pole kwa baba," alisema. "Nakwambia kwa moyo, pole. Alikuwa mzee mwema, na aliniita mwanangu." Akaliweka shati chini. "Lakini si mimi niliyemfungia dirisha. Mimi si karani wa mizani. Ulipokuwa kwenye reli nilikaa na watoto wako kwenye nyumba ya udongo inayovuja, nikiambiwa ngoja. Nikangoja. Umemkaribisha kila mtu aliyesimama mlangoni pako, Muthama. Na mimi nimesimama muda mrefu kuliko wote."

Hakuwa akimwita kwa jina. Tangu Mutindi azaliwe hakuwa amemwita kwa jina.

Muthama aliivaa kofia yake. Kisha akasimama, akazunguka kitanda kwa ubavu, akaenda kubisha kwa Ndululu. Mlango ulifunguliwa mapema mno, kana kwamba mtu alikuwa amesimama nyuma yake.

"Bwana Ndululu, nimekuja kwa neno moja," Muthama alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeinua reli. "Kifua kinaendelea?"

Ambiyo, huko dukani, alivuta pumzi kwa kelele.

"Hapana," Muthama alisema upesi. "Si hilo. Neno ni hili. Chumba hiki si changu. Ni cha mke wangu. Nilikupa kitu cha mtu mwingine. Nakuomba utoke."

Ofisa alijibu kama mtu aliyetua mzigo. "Mzee, nimekungoja useme tangu Jumapili. Nikigeuka kitandani namsikia mama anageuka kwenye kitanda chake. Sijafumba jicho. Lakini ningehama vipi mwenyewe? Wangesema ofisa ametimuliwa na kitanda."

Mwalimu ndiye aliyecheka kwanza, kisha karani, kisha wote. Mbula hakucheka. Alikuwa akikunja shuka.

Masanduku ya Ndululu yalihamishwa siku hiyohiyo hadi chumba cha upande wa pili, ambacho Jonah alikuwa amekipiga saruji. Hakikuwa na mlango. Mutie aliutengeneza kwa mbao za makanisa ya Mukuyuni, akamaliza kabla ya giza, na kwa kuwa mkono ulikuwa umepata moto, akatengeneza wa Ambiyo pia. Ambiyo aliufungua na kuufunga mara kadhaa, akautikisa, akasema umepinda.

Mbula aliporudi chumbani kwake alimwita Muthama, akanyoosha mkono.

"Funguo."

"Zipi?"

"Zote. Na kuanzia leo mtu akitaka chumba, au kona, au hata msumari wa kutundika koti, ananiuliza mimi."

Muthama alizitoa mfukoni, rundo zima limefungwa kwa waya wa reli. Alizitoa haraka hata Mbula akashuku kwamba mzee alikuwa akitamani kunyang'anywa.

Jonah alipojitokeza tena, Mbula alimwonyesha kuta. Alitaka zipande hadi paa, vyumba vyote, upande wa kuishi utengwe kabisa na upande wa karakana.

"Mama, nilishakueleza," Jonah alisema. "Mawe hayapo."

"Yapo. Yako Kathonzweni."

Muthama, aliyekuwa akipita na ndoo, alisimama. "Yale ni ya nyumba yako."

"Najua ni ya nani."

"Mama Mutindi, hapana. Tutatafuta mengine. Yale usiyaguse."

"Umejua hilo neno leo?" Mbula alimwuliza. "Hapana? Ungelijua mwaka jana." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Tafuta trekta kabla sijabadili nia."

Alikwenda shambani yeye mwenyewe kusimamia upakiaji. Vijana waliyarusha mawe juu ya trela, na chini yake nyasi zilikuwa zimekuwa nyeupe kwa kukosa jua. Alisimama mahali ambapo dirisha la jikoni lingekuwa. Kutoka hapo mtu aliona mlima wa Mbooni vizuri sana kukiwa hakuna ukungu. Alikaa pale hadi dereva alipopiga honi, kisha akapanda trekta, akakaa kwenye bawa la gurudumu, hakugeuka nyuma. Njia nzima alimlaani Muthama, na Mhindi, na pamba, na aliyeikata Makueni kutoka Machakos.

Kuta zilipanda. Jonah alichukua miezi, na watu wawili zaidi wa ukoo wake walizikwa, lakini zilifika paa. Wapangaji walianza kulalamika kwamba hawasikiani. Mwalimu alisema maombi yake yanarudi. Mbula aliwaandalia wote jibu moja: anayetaka kusikia wengine, soko lipo karibu. Siku ya kwanza ukuta wake ulipokauka, alijifungia mchana kweupe, akalala na viatu. Muthama alibisha akitaka kujua chumvi iko wapi. Alimsikia vizuri. Hakujibu.

Nyumba ya Kathonzweni haikujengwa. Kodi iliingia, ikawa karo za wajukuu, ikawa bati mpya kwenye paa la Kinu. Watu waliokuja Wote miaka hiyo waliambiwa, ukitaka chumba nenda Kinu, lakini usimwone mzee, mwone mama.

Alasiri moja fundi wa redio alisimama mlangoni, amebeba sanduku la vifaa kichwani, jasho linamtoka. Muthama alikuwa amekaa pale. Alinyoosha mikono kulipokea sanduku, kisha akakumbuka, akaitazama mikono yake, akaiweka magotini.

"Mama Mutindi," aliita. "Kuna mtu."

Mbula alitoka na mwiko mkononi. Alimsikiliza fundi hadi mwisho. Kona zote zilikuwa na watu, na alimwambia hivyo, bila ukali, akampa maji, akamwelekeza nyumba ya mtu mwingine karibu na stendi. Fundi alishukuru akainama kulichukua sanduku lake. Muthama alikuwa ameshalibeba.

"Nitakusindikiza," alisema.

Mbula alisimama mlangoni akiwatazama wakienda, mzee mbele na sanduku begani, kijana nyuma anajaribu kumpokea, na Muthama akimweleza jambo kwa mkono uliobaki, akimwomba msamaha hatua kwa hatua. Walipofika barabarani hawakuvuka. Muthama alilitua sanduku, akaketi juu yake, akamwonyesha fundi jiwe la kukalia, akaanza upya.

"Baba Mutindi!" Mbula alipaza sauti. "Chai inapoa!"

Muthama aliinua mkono kuonyesha kwamba amesikia, anakuja sasa hivi. Kisha akamgeukia fundi wa redio, akaendelea.